Mjusi wa Machimboni

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya lolote jingine, pokea salamu zangu, wewe, shemeji, na wanangu wote wawili. Mgongo wako unaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho ulisema unakuuma ukikaa sana kwenye cherehani, na kwamba shemeji ameahidi kukutafutia kiti cha kuegemea. Natumaini ahadi imekuwa kiti. Sisi huku hatujambo. Baba ana nguvu zake, ukiacha ule mguu, na masikio ambayo siku hizi yanachagua cha kusikia. Anakula, anasoma gazeti kwa lenzi, anabishana na redio. Mimi ni mzima.

Najua umezoea barua zangu za kurasa mbili. Hii itakuwa ndefu, na nakuomba uisome ukiwa umekaa, tena ukiwa peke yako. Hakuna aliyekufa. Nasema mapema ili moyo wako utulie.

Habari kubwa ni kwamba mjusi wa Baba si mjusi.

Mwezi wa pili mwaka huu tulipata mgeni pale makumbusho, mama mmoja wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini, anayesifika kwa kusoma meno ya wanyama wa kale. Alikuja na masanduku mawili ya vyombo na barua ya ruhusa yenye mihuri mitatu. Kabla wiki haijaisha sisi wa chumba cha mifupa tulikuwa tumeshampa jina la Mama Meno, naye alipolisikia alicheka, akasema ameitwa mabaya zaidi. Alikuwa amekuja kupima mafuvu ya popo. Lakini kila asubuhi, akielekea kwenye popo wake, ilimbidi apite ukumbi mkubwa, na kila asubuhi alisimama mbele ya mjusi wetu dakika mbili tatu. Siku ya sita aliniuliza ni nani aliyesema yule ni mjusi.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wageni wote. Kwamba miaka thelathini na sita iliyopita, mvunja mawe mmoja wa machimbo ya chokaa aliona taya limetokeza kwenye ukuta uliopasuliwa kwa baruti, akawakataza wenzake wasiligonge kwa nyundo, akaja mjini kwa miguu kuwaita watu wa makumbusho. Kwamba mkurugenzi wa wakati ule alikwenda mwenyewe, akatazama, akatamka kuwa ni mjusi mkubwa wa kale, mrefu kuliko basi. Sikumwambia kuwa mvunja mawe huyo ni baba yangu. Jina liko kwenye kibao na langu liko kwenye mlango wa chumba changu, kwa hiyo aliunganisha mwenyewe kabla ya saa nne.

Huna haja ya kukumbushwa mjusi yule alikuwa nini nyumbani kwetu, lakini acha niandike, maana mambo mengine yanaegemea hapo. Mwaka uliofuata ule wa ugunduzi jiwe lilimwangukia Baba mguuni, kazi ya machimbo ikaisha. Makumbusho wakampa kofia na kiti cha mlinzi wa ukumbi, pembeni ya mjusi wake mwenyewe, akakaa hapo mpaka alipostaafu. Watoto wa shule walikuja kwa mafungu, naye aliwasimulia. Mtaani akawa Mzee Mjusi, wewe na mimi tukawa Watoto wa Mjusi, na mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kuwa ameolewa na mtu mmoja sasa anaishi na wawili.

Mama Meno akaomba ruhusa ya kulinganisha. Tukamtolea ghalani mifupa ya kenge mkubwa kuliko wote tulionao, na ya pomboo aliyeokotwa ufukweni zamani. Tukaunganisha meza tatu ndefu. Kenge kushoto, pomboo kulia, na katikati vipande vya mjusi wetu, kimoja kimoja, baada ya kumshusha kutoka kwenye vyuma alivyoning'inizwa. Nilifanya kazi hiyo kwa mikono yangu siku tatu. Kisha akataka Baba aitwe. Alisema hawezi kumtengua mnyama wa mtu bila mwenyewe kuwapo.

Baba alikuja na lile koti la kijivu na fimbo. Aliwekewa kiti, akakikataa, akaegemea ukingo wa meza. Mama Meno alimweleza polepole, bila maneno makubwa, na kila alichokitaja alikiweka kwenye kiganja cha Baba. Alianza na pingili za uti wa mgongo. Ya kenge ina kishimo mbele na kinundu nyuma, inaingiana na mwenzake kama ngumi katika kiganja, kwa sababu kenge hutembea akijipinda kushoto na kulia. Ya pomboo ni bapa pande zote mbili, kama kipande cha gogo kilichokatwa kwa msumeno, na mkia wake hupiga maji juu na chini. Baba alipewa pingili ya mjusi wake. Aliigeuza mara mbili, akapitisha kidole gumba mbele, akapitisha nyuma. Ilikuwa bapa.

Kisha taya. Taya la chini la kenge, kila upande, ni mifupa kadhaa iliyoungana kama mbao za pipa. La pomboo ni mfupa mmoja. Mistari tuliyoiamini miaka yote kuwa ni maungio, Mama Meno alisema, ni nyufa za baruti tu. Kisha akatoa mfupa wa sikio, mdogo, mnene, mzito kama kokoto ya mtoni, ambao sisi tulikuwa tumeuandika kwenye daftari kuwa ni jiwe. Kenge hana mfupa wa namna hiyo. Pomboo anao, na nyangumi anao. Mwisho akasema kuwa huyu ni nyangumi wa zama za mbali sana, wakati machimbo yote yale yalikuwa chini ya bahari, na kwamba alikuwa na damu ya moto, akipanda juu kuvuta pumzi, akizaa na kunyonyesha.

Chumba kilikuwa na watu saba. Baba aliuliza kama ana hakika kuhusu kunyonyesha. Akajibiwa kuwa hakika ipo. Baba akasema, "Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Lakini huyu nyangumi aliingiaje?" Watu wakacheka, wengi zaidi kwa nafuu kuliko kwa kichekesho. Njiani kurudi nyumbani tulifika kona ya duka la vifaa vya ujenzi. Hapo akaniambia kuwa kuna kijana aliwahi kumwambia jambo hilo hilo. Nikamjibu kuwa namkumbuka.

Nawe unamkumbuka, Dada. Sijawahi kumtaja kwenye barua zangu, wala wewe kwenye zako, kwa hiyo nitatumia jina tulilompa sisi, Miwani. Alikuwa mtafiti msaidizi, wa mwisho kwa cheo pale makumbusho, na alikuwa mchumba wako. Jumapili ile alikuja kwa chakula cha mchana kama kawaida. Baada ya kula alimwomba Baba wazungumze, akamwambia mbele yetu wote kwamba kwa pingili alizozipima yeye anaamini mnyama wetu ni nyangumi, na kwamba amekuja kusema kwanza hapa kabla hajasema kazini, kwa heshima. Baba alisikia kila neno isipokuwa heshima. Alimwambia kuwa mtu hali mezani kwa mwenzake huku anampokonya kitu pekee alichonacho. Akamfukuza. Hakuna aliyekuuliza wewe unaonaje. Ulimsindikiza mpaka mlangoni ukampa mwavuli wake, ukarudi, ukaanza kuosha vyombo, nami nikawa nafuta. Wiki ile ile ulimrudishia barua zake.

Kazini nako alidhihakiwa. Mkurugenzi alimsimamisha mbele ya kikao akamwambia kuwa pingili zinaweza kusema chochote, na kama huyo ni nyangumi wa kale basi atakuwa na gego lenye mizizi miwili, kama la mbwa au la binadamu, maana mjusi hana mizizi ya meno ya namna hiyo. Alete gego hilo, yeye mkurugenzi atakibandua kibao kwa mkono wake. Halikupatikana. Mkataba wa Miwani ulipoisha mwezi uliofuata hawakumwongezea. Akaondoka mjini. Baada ya miaka miwili ukaolewa na shemeji, ukaenda mbali zaidi kuliko ambako Miwani angekupeleka.

Hayo unayajua. Usiyoyajua yanaanzia hapa.

Mama Meno alipiga picha za eksirei za taya. Kwenye picha, nyuma kabisa, kukaonekana tundu la jino lenye mashimo mawili, limezibwa kwa plasta na kupakwa rangi ya mfupa. Kazi safi, alisema, ya mkono unaojua. Kwa kuwa zamani ilikuwa kawaida kuziba mapengo ili mnyama apendeze machoni, alihisi kuwa fundi wa wakati ule aliziba bila kujua anachokiziba. Fundi huyo ni yule mzee aliyenifundisha kazi, aliyefariki miaka sita iliyopita. Mkurugenzi wa sasa akaandika kwenye rasimu ya taarifa kwamba kosa lilitokana na uzembe wa fundi wa zamani, akaniletea niisome nione kama kuna cha kurekebisha. Nilikaa nayo mezani siku tisa. Siku ya kumi nikaenda kwa Mama Meno na kopo dogo la vifungo, nikalifungua mbele yake.

Dada, gego lilikuwa kwangu. Nimekuwa nalo miaka ishirini na miwili.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, mwaka wangu wa kwanza kazini. Fundi alinipa sehemu ya nyuma ya taya, iliyokuwa bado imeng'ang'ania mwamba, niisafishe kwa sindano na brashi. Kazi ya subira, alisema, ya kumfunza mwanafunzi. Jumanne moja mchana, Fundi akiwa amekwenda kula, jiwe liliachia na jino likatoka zima mkononi mwangu. Lilikuwa na miguu miwili. Ilikuwa siku ya tisa tangu Jumapili ile, na maneno ya mkurugenzi yalikuwa yamezagaa jengo zima. Hata wafagiaji walikuwa wakiuliziana mizizi miwili kwa kicheko. Nilijua nimeshika nini. Nililifunga kwenye leso, nikachanganya plasta, nikaziba tundu, nikapaka rangi. Fundi aliporudi alinisifu kwa usafi wa kazi.

Miaka yote hii, nilipojihoji, nilijijibu kuwa nilifanya kwa ajili ya Baba. Ni jibu zuri, na lina ukweli wa kutosha kumfanya mtu alale. Mguu ulikuwa umekwenda, Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, kitu kilichokuwa kikimwamsha asubuhi ni kile kiti cha ukumbini. Mama Meno nilimpa jibu hilo hilo, naye akalipokea. Wewe sitakupa hilo.

Miwani alikuwa amepata nafasi ya masomo katika mji mwingine. Ulinieleza wewe mwenyewe, tukiwa tunakunja nguo, kwamba mtafunga ndoa na mtaondoka pamoja, na kwamba mimi nitabaki na Baba mpaka mambo yatakapokaa sawa. Ulikuwa umefurahi, hukuona uso wangu. Mimi niliona nyumba, na Baba ndani yake, na mimi, na jioni zote zilizobaki. Baba alipomfukuza Miwani, nilipokuwa nafuta sahani pembeni yako, nilikuwa nakuonea huruma na wakati huo huo nafurahi. Jino lilipotoka, nilijua kuwa nikilipeleka mkurugenzi atabandua kibao, Baba atalazimika kumwita Miwani, na wewe utaondoka. Kwa hiyo nilililaza kwenye kopo la vifungo la Mama. Sikumlinda Baba. Nilikuzuia wewe usiende. Na hata hivyo ulikwenda.

Taarifa imerekebishwa, jina la Fundi limetoka. Mimi nimepewa onyo la maandishi na nimeondolewa kwenye meza ya mifupa. Sasa nahesabu ndege waliokaushwa, ghalani. Sina malalamiko.

Kisha nilimtafuta Miwani. Anafundisha biolojia katika shule ya sekondari ya wasichana, mwendo wa saa nne kutoka hapa. Alinipokea katika chumba cha walimu, kwenye meza yenye marundo ya madaftari. Hana miwani tena, alifanyiwa upasuaji wa macho. Nilimtambua kwa namna anavyoinamisha kichwa anaposikiliza. Nilimweleza yote, pamoja na lile ambalo sikumwambia Mama Meno, na nikamwekea picha ya jino mbele yake. Aliitazama kwa muda. Akaniuliza nililipata lini. Nikamtajia siku. Akahesabu kimoyomoyo, niliona midomo inavyocheza, kisha akasema, "Basi nilikuwa bado niko mjini."

Baadaye alinishukuru kwa kumwondolea Fundi lawama, kwa sababu Fundi alikuwa mtu mwema kwake. Kwa hayo mengine, alisema, hana cha kunipa, nami nisimngoje. Hakupandisha sauti. Kengele ikalia, akakusanya madaftari, akauliza kama anaweza kubaki na picha, maana kidato cha tatu wako kwenye mada ya meno. Nikamwachia. Nilifahamu kwa mwalimu mwingine, aliyenionyesha njia ya kutokea, kuwa ana mke na watoto watatu. Hakuniuliza habari zako. Nakuandikia hivyo kwa sababu ningekuwa wewe ningetaka kujua, na singependa kudanganywa tena na mtu yule yule.

Baba nilimwambia mwisho. Nilidhani atapiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alizima redio. Siku mbili alikula kidogo, akanijibu kwa ndiyo na hapana. Siku ya tatu nilipomletea chai aliniambia nikae. Alisema jino nililificha mimi, na hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe. Lakini aliyemfukuza mgeni ni yeye, kabla ya jino lolote, kwa kuwa mgeni alimheshimu akamwambia ukweli nyumbani kwake. "Mimi ndiye kenge," alisema, "sikusikia mpaka damu ikatoka." Anataka kwenda kumwona Miwani, mguu huo huo, safari ya saa nne, kumwomba radhi. Nilimwambia huenda asipokewe. Akajibu kuwa hafuati kupokewa.

Barua hii nimeiandika mara nne. Zile tatu zilianza kwa kuomba msamaha, na kila nilipozisoma niliona zinakuomba unihurumie kabla hujajua kosa lenyewe. Nikazichana. Ndiyo maana safari hii nimeanza na habari, zikafuatana kama zilivyotokea. Najua shemeji si mtu mbaya, na najua wanangu hao wawili wasingekuwapo kama ungekwenda na Miwani. Sikutumii hayo kama kifuta machozi. Ninajua pia kuwa maisha yako uliyaanza ukiamini umemkataa mtu aliyemdharau baba yako, na mtu huyo hakumdharau.

Ukitaka kunijibu kwa hasira, jibu ukiwa bado nayo, usingoje ipoe. Ukitaka kuja, chumba chako kipo, nimekipaka rangi mwezi uliopita. Ukiamua kukaa kimya, nitaendelea kukuandikia kuhusu afya ya Baba mara moja kwa mwezi, kurasa mbili, bila kuongeza neno, maana hiyo ni haki yako hata kama hutaki kunisikia.

Wasalimie wanangu. Mwambie mdogo kuwa babu yake anauliza kama ameacha kuandika kwa mkono wa kushoto, na kwamba kama hajaacha asiache. Msalimie shemeji pia, nami nakuachia wewe uamue umsomee nini na umfichie nini. Majirani wanakusalimu. Baba anakusalimu zaidi ya wote. Ameshapigisha pasi suruali ya safari na ameulizia nauli. Nimemsihi asiondoke mpaka useme wewe. Mara ya kwanza hatukukuuliza, si yeye wala mimi. Safari hii tunangoja neno lako.

Ni mimi mdogo wako, kitindamimba wa nyumba yetu.